Mifuko Sitini ya Simiti

Karatasi iliyomtia Dishon ndani ilikuwa imepigiliwa misumari minne kwenye ukuta wa ofisi ya Abdeali, mtaa wa Ndia Kuu. Jumapili ile asubuhi Sajenti Nicanor alisimama mbele yake, kofia kwapani, akiitazama kama mtu anayemtazama shahidi usoni.

Ilikuwa karatasi pana yenye miraba midogo midogo, na kila mraba ulikuwa siku moja. Mstari mwekundu ulionyesha jinsi kazi ilivyopangwa: msingi, kuta, mbao za paa, zege. Mstari wa buluu ulionyesha jinsi kazi ilivyokwenda. Tangu Ramadhani mistari hiyo miwili ilikuwa ikipanda pamoja, huu ukitangulia kidogo, ule ukiufikia. Hapa na pale palikuwa na madoa ya kijivu, mahali kalamu ilipofutwa kwa raba.

"Nilijifunza kwa wahandisi wa jeshi wakati wa vita," alisema Abdeali. Alikuwa mkandarasi wa miaka hamsini na kitu, kofia yake nyeupe ina ukingo wa uzi wa dhahabu, na alizungumza akiwa amefunga mikono nyuma. "Nikiwajengea maghala kule Mbaraki. Nikaona Mzungu hamuulizi fundi kazi imefika wapi. Atazama ukutani, basi."

"Na karatasi haisemi uongo?"

"Karatasi haina mdomo, Sajenti. Mwongo ni yule aniletea habari za kutia ndani yake." Akaweka kidole juu ya mraba mmoja. "Hapa. Kumi na nane, mwezi wa Mfungo Tatu. Daftari la kazini lasema siku hiyo wamemwaga zege la paa, mifuko sitini imekwisha. Siku hiyo kazi ilikuwa imefungwa! Ni siku kuu yetu sisi Mabohora, siku ya Ghadiri. Jumatatu jioni nilifunga lango kwa mkono wangu. Jumanne nikashinda msikitini na saumu yangu, na jioni nikapanda gari la moshi kwenda Nairobi. Sasa hilo zege alilimwaga nani? Majini?"

"Na kumi na saba daftari lasemaje?"

"Hilo ndilo la kuchekesha! Kumi na saba lasema hakuna kazi. Na mimi siku hiyo nilikuwa pale pale, nawaona wapigilia mbao. Siku ya kazi wameandika mapumziko, siku ya mapumziko wameandika kazi. Huyo ni mtu amekaa kitako akatunga."

Nicanor alitoa karatasi nyingine mfukoni, ndogo, yenye mhuri. Aliipata jana kwa mlinzi wa ghala la Mbaraki baada ya kubishana naye nusu saa. Iliandikwa kwa Kiingereza, na ilisema kwamba mifuko sitini ya simiti ya Abdeali imetoka langoni Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba, saa kumi za alasiri.

"Kumi na nane yako ndiyo Jumanne hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Basi simiti ilimwagwa juu ya paa kabla haijatoka ghalani."

Abdeali alipiga kofi mezani mpaka wino ukatikisika. "Umeona! Vita vimekwisha lakini simiti bado ni ya kibali. Leo ukiwa na mfuko mmoja wa simiti Mombasa, watu watakuamkia barabarani. Sitini! Imeuzwa, Sajenti. Na juu ya lile paa wametia mchanga na chokaa, na chini yake watakuja kulala wanawake wenye watoto wachanga."

Jengo lenyewe lilikuwa nyumba ya wazazi ya manispaa, ya wanawake kujifungulia, kule Tudor, na Dishon ndiye alikuwa msimamizi wake. Alikamatwa Ijumaa nyumbani kwake. Kesho saa tatu asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu, na kwa karatasi hizi tatu, ya ukutani, ya daftari na ya Mbaraki, asingechukua hata robo saa kabla ya kupelekwa gerezani Ngomeni. Nicanor alikuwa ameongea naye jana katika selo. Dishon alimwambia neno moja tu, akalirudia kama mtu anayegonga msumari: "Jumatano. Nimemwaga Jumatano. Andika Jumatano."

"Lakini daftari lina sahihi yako," Nicanor alimwambia.

"Daftari ni la herufi za Kiarabu. Bwana Abdeali hupenda hivyo, azisoma mwenyewe. Badawi huandika, mimi hutia sahihi chini. Nitajuaje alichoandika?"

Na Badawi, karani huyo, hakuonekana kazini tangu Alhamisi. Inspekta alikwisha kuandika kwenye faili: ametoroka.

Pazia la mlango wa ndani likasogea, akatoka Shirinbai, mkewe Abdeali, na sinia dogo lenye chai na vipande vya mithai. "Sajenti, utatokaje nyumbani kwa watu mdomo mkavu, na mwaka mpya huu?"

"Mwaka mpya, mama?"

"Si umeingia jana magharibi! Tumetandika sinia, tumekula mpaka watu wakashindwa kuinuka. Chukua. Chukua viwili."

Nicanor, ambaye mwaka wake mpya ulikuwa bado wiki tano, alichukua viwili, akashukuru, akatoka na utamu kwenye meno.

*

Huko Tudor lango lilikuwa na kufuli. Alilifungua kwa ufunguo wa Dishon, akaingia. Kazi ilikuwa imesimama tangu Ijumaa. Makarai yamepinduliwa, koleo limelala kwenye mchanga. Chini ya paa nguzo za miti zilisimama zikibeba mbao, nyingi kama mikoko.

Alipanda ngazi na nyundo na futi ya kukunja. Alipiga paa katika pembe zote nne na katikati, akisikiliza. Lilijibu kwa sauti kavu, ngumu, sauti moja kila mahali. Akalala kifudifudi, akapima ukingo. Inchi nne. Akazunguka pande zote akipima kila hatua kumi. Inchi nne, inchi nne, inchi nne. Urefu futi arubaini na nne, upana ishirini na mbili. Wakati akiwa konstebo alilinda kambi ya jeshi iliyokuwa ikijengwa, na alikwisha kuona paa la mchanga na chokaa: ukilikwaruza kwa msumari linatoa unga. Akatoa msumari, akakwaruza. Msumari ulipinda.

"Wewe!" sauti ya mwanamke ikamfikia kutoka ng'ambo ya ua. "Wewe huko juu! Wavunja nini?"

"Polisi, mama."

"Hata polisi huvunja!"

Alikuwa Bi Mejumaa, aliyewauzia mafundi chakula. Kibanda chake cha makuti kiliegemea ua wenyewe, na nyumba yake ilikuwa hatua tano nyuma. Nicanor alishuka, akaenda, akamwamkia. Mama alimtazama toka viatu mpaka kofia.

"Wewe wa bara."

"Ndiyo, mama."

"Yaonekana. Wapanda ngazi kama wapanda mlima. Haya, kaa kitako. Mafundi hawapo, mahamri yangu yananiozea. Utakula na mbaazi, au kwenu mwala kwa chumvi?"

"Kwa mbaazi, mama. Nimestaarabika kidogo."

Alicheka, akamfungia mahamri manne. Nicanor alikuwa ameanza kula kabla hajaitazama ile karatasi aliyofungiwa. Ilikuwa karatasi nzito ya kahawia, safi upande wa juu. Aliigeuza. Upande wa pili palikuwa na nusu ya herufi kubwa nyeusi, na vumbi jembamba la kijivu lililobaki kwenye kidole chake.

Alimeza lile alilokuwa nalo mdomoni. "Bi Mejumaa, karatasi hii yatoka wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"La Kihindi."

"Wahindi wana maduka mengi, mama."

"Ndo maana sikumbuki."

Nicanor aliweka hamri chini. Hakupandisha sauti. "Dishon amelala selo siku ya pili leo. Kesho ni mahakamani. Wasema ameiba mifuko sitini ya simiti akaiuza. Ukinificha jambo, wamficha yeye."

Mwanamke yule alisimama na mwiko mkononi. Uso wake ulibadilika mara moja. "Dishon? Ameiba? Dishon, aliyenirudishia senti zangu niliposahau hesabu?" Akatupa mwiko ndani ya sufuria. "Ndoo, mwanangu. Ingia ndani."

Chini ya kitanda chake palikuwa na rundo la mifuko mitupu ya simiti, imekung'utwa, imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mnazi. Hii ndiyo aina ya kitu ambacho Inspekta angekipenda sana. Lakini akaivuta nje, akaifungua mmoja mmoja, akaihesabu sakafuni. Hamsini na mitatu.

"Saba nimeitumia," alisema Bi Mejumaa. "Ndani yake mna karatasi tatu tatu, ile ya nje ni safi upande wa ndani. Alinipa Dishon mwenyewe. Niliificha kwa kuwa mafundi wengine huipigania."

Nicanor aliinua mfuko mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Haukuwa umefunguliwa kwenye mshono. Ulikuwa umekatwa tumboni, pigo moja, kwa makali ya koleo. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa kumi, wa hamsini. Mtu anayeuza simiti ya wizi huuza mfuko mzima, umeshonwa kama ulivyotoka ghalani. Nani angenunua simiti ya kuchotwa? Mifuko hii ilipasuliwa na watu wenye haraka, waliokuwa na maji na mchanga tayari kando yao.

"Siku waliyomwaga unaikumbuka?"

"Nisiikumbuke? Paa halimwagwi bila pilau, na pilau ni mimi. Watu arubaini! Ilikuwa Jumatano."

"Haikuwa Jumanne?"

"Jumanne?" Alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, Jumanne lango lilifungwa na hakuna aliyeniambia. Nimeamka na nyota nakanda unga, sikuuza hata hamri moja. Nikala mimi, wakala kuku, wakala na kuku wa jirani. Siku hiyo nitaisahau nikifa. Jioni ndiyo likaja lori na simiti, na dereva hana hata ustaarabu wa kununua kitumbua."

Nicanor alitoa kidaftari chake, akaandika: Jumanne, lango limefungwa. Jumanne jioni, simiti imefika. Jumatano, zege. Kisha akaandika pembeni yale ya daftari la Badawi: kumi na saba, hakuna kazi. Kumi na nane, zege.

Alizitazama safu hizo mbili. Zilifanana kama mtu na kivuli chake. Kilichokosana nazo kilikuwa kitu kimoja tu: Abdeali alisema Jumanne ni kumi na nane, na Abdeali alikuwa mtu aliyeshinda na saumu siku hiyo. Mtu hawezi kukosea siku aliyofunga.

"Mbona wazubaa?" aliuliza Bi Mejumaa. "Chakula kinapoa."

*

Hakumkuta Badawi bandarini wala stesheni, ambako askari wengine walikuwa wakimtafuta tangu jana. Alimkuta mahali pasipotazamwa na mtu: nyumbani kwake, Kibokoni, kitandani, chini ya mablanketi mawili, akitetemeka.

"Sabalkheri, Maalim."

"Sabalkheri, bwana. Nani?"

"Sajenti Nicanor. Tunaambiwa umetoroka."

"Nimetoroka," alisema Badawi, meno yakigongana. "Tangu Alhamisi natoka ukutani naja ukingoni, natoka ukingoni narudi ukutani. Homa hii, bwana, hata chooni nafika kwa dua. Kuna nini?"

Nicanor alimwambia. Kabla hajamaliza, mtu yule alikuwa ameketi, blanketi limemwanguka mabegani. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na vidole vyenye wino usiotoka.

"Dishon? Kwa daftari langu?"

"Kwa daftari lako. Ulitunga?"

"Sijatunga hata nukta! Kila jioni kabla ya kuondoka nimeandika, na mafundi wananisubiri kwa kuwa mimi ndiye mwenye taa."

"Leo ni tarehe ngapi, Maalim?"

Badawi alimtazama kana kwamba homa imemshika mwingine. "Ishirini na tisa Mfungo Tatu."

"Una hakika."

"Nina hakika kama nilivyo na hakika naumwa. Magharibi ya leo wenzangu watapanda juu kuutazama mwezi. Ukionekana, kesho ni mwaka mpya. Usipoonekana, kesho kutwa."

Nicanor akasema polepole, "Asubuhi hii nimekula mithai ya mwaka mpya."

"Umekula wapi?"

"Ndia Kuu. Mama mwenye nyumba ameniambia umeingia jana."

Badawi alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha hakuwa akicheka tena. "Kwa Abdeali," alisema.

"Kwa Abdeali. Nieleze kama unamweleza mtoto. Mimi kwetu mwezi huuangalia nikitaka kujua kama njia ina mwanga."

"Sisi huutazama mwezi kwa macho, bwana. Usipoonekana hatuanzi. Mabohora hawatazami. Wao wana hesabu yao, imepangwa tangu zamani, miezi inajulikana hata ya miaka kumi ijayo. Kwa hiyo hututangulia. Mara siku moja, mara mbili. Idi Kubwa hii tuliyotoka kuila, wao walichinja Jumatatu, sisi Jumanne."

"Na jambo hili lajulikana?"

"Mombasa nzima yajua! Watoto hulichekea. Mtoto wa Kibohora hupita na nguo mpya za Idi, wa kwetu bado wako kwenye foleni ya fundi cherehani."

"Wewe ulipoandika daftari ulitia tarehe ipi?"

"Ya mwezi niliouona kwa..."

"Na Bwana Abdeali alipolisoma na kuchora ukutani?"

Badawi aliufunika uso kwa viganja vyenye wino. "Mwaka mzima," alisema ndani ya viganja. "Mwaka mzima najua yeye ana tarehe zake nami nina zangu, na hata siku moja sikufikiri. Nani hufikiri tarehe? Waamka, ipo."

"Waweza kutembea mpaka Ndia Kuu?"

"Nikianguka uniokote," alisema Badawi, na tayari alikuwa akitafuta viatu.

*

Abdeali alipomwona karani wake akiingia amejifunika blanketi, ameshikwa mkono na polisi, aliinuka kwa hasira. "Mmempata! Alikuwa wapi?"

"Kitandani," alisema Nicanor. "Kaa, Bwana Abdeali. Maalim naye akae kabla hajaanguka. Nina kazi ndogo kwenu wote wawili."

Alirarua karatasi mbili kutoka kidaftari chake, akampa kila mmoja moja na kalamu. "Andikeni tarehe ya leo, kila mtu kwa mwezi wake. Msitazamane."

"Huu ni mchezo gani?"

"Ni mfupi, bwana."

Waliandika. Nicanor hakujua kuzisoma herufi zile, kwa hiyo alizibadilisha tu: ya Badawi akampa Abdeali, ya Abdeali akampa Badawi. "Sasa someni kwa sauti."

"Ishirini na tisa Mfungo Tatu," alisoma Abdeali, akakunja uso. "Huyu ana homa."

"Mosi Mfungo Nne," alisoma Badawi. "Huyu hana."

"Nami naandika ishirini na nne Novemba," alisema Nicanor. "Ni siku moja, sote tumo ndani yake, na hakuna aliyesema uongo." Aliiweka karatasi ya Mbaraki mezani. "Jumanne tarehe kumi na mbili Novemba. Kwako, bwana, ilikuwa kumi na nane, na ukafunga. Kwa Maalim ilikuwa kumi na saba, na akaandika ukweli: hakuna kazi. Saa kumi simiti ikatoka ghalani, jioni ikafika Tudor. Jumatano asubuhi Dishon akafungua lango na watu arubaini wakamwaga zege. Wewe ulikuwa umekwisha kufika Nairobi. Kwa Maalim, Jumatano ndiyo kumi na nane, na akaandika tena ukweli: mifuko sitini."

Abdeali aligeuka, akaenda ukutani. Alisimama mbele ya karatasi yake ya miraba kwa muda mrefu, na mgongo wake ukawa mdogo.

"Jambo moja silielewi," alisema Nicanor. "Mwezi huu mzima tarehe zenu zimepishana. Mapumziko yenu ya Ijumaa yangeonekana ukutani yamekaa Alhamisi. Mbona hukuona?"

Abdeali hakugeuka. Kidole chake kilikuwa juu ya doa la kijivu, kisha kikaenda kwa jingine. "Niliona," alisema. "Kila wiki niliona. Nikasema, karani huyu mzembe, hata Ijumaa haijui. Nikafuta kwa raba, nikauweka mraba mahali pake, mistari ikakaa vizuri. Sikutaka Wazungu wa manispaa wakija waone mstari uliopinda. Nimefuta kwa mkono wangu kile ambacho kingeniambia."

"Bwana Abdeali," alisema Badawi kwa sauti ndogo, "ungeniuliza."

"Ningekuuliza." Aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. "Sajenti. Simiti imo juu?"

"Imo. Nimepima inchi nne kila upande, msumari wangu umepinda, na mifuko mitupu nimeihesabu. Hamsini na mitatu iko uvunguni kwa Bi Mejumaa, na saba wafanyakazi wako wamefungiwa mahamri."

"Imo," alisema Abdeali. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetua gunia alilobeba toka Mbaraki. "Imo, alhamdulillahi. Imo." Kisha akaruka tena. "Shirinbai! Shirinbai, viatu vyangu! Nimemlaza mtu wa watu ndani siku mbili!"

*

Inspekta alisoma maelezo ya Nicanor mara mbili, akauliza kama kuna mtu yeyote Mombasa anayejua leo ni lini, akatia sahihi. Malalamiko yaliondolewa na mwenyewe aliyeyaleta. Hakukuwa na kesi tena ya kwenda kwa hakimu.

Nicanor alikwenda selo mwenyewe na ufunguo. Dishon alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mtu mpana mwenye mikono iliyopasuka kwa chokaa. Hakuinuka.

"Jumatano," alisema Nicanor.

Dishon alimtazama. "Umeandika?"

"Nimeandika. Toka."

Kwa muda hakusogea, kama mtu anayengoja neno lililobaki. Lilipokosekana, alijishika ukutani, akasimama, na pumzi iliyomtoka ilisikika mpaka kwenye meza ya zamu. Alirudishiwa mkanda, viatu na kipimamaji chake cha shaba cha kusawazishia kuta, akakitazama kipimamaji kile kwanza, kama hakijapasuka, ndipo akavaa viatu.

Nje Abdeali alikuwa amesimama kando ya gari lake, kofia mkononi. Badawi alikuwa nyuma ndani ya blanketi, amelala nusu, anatabasamu. Nicanor alibaki mlangoni. Alitaka kuona.

"Dishon," alisema Abdeali. "Nimekukosea. Nilikosea tarehe na nikakukosea wewe, na la pili ndilo kubwa. Sina la kujitetea."

Dishon alifunga kamba ya kiatu polepole. "Nguzo," alisema.

"Nini?"

"Nguzo zilizo chini ya paa. Leo ni siku ya kumi na moja. Hazitolewi kabla ya ishirini na moja. Tangu Ijumaa nalala nawaza, mtu asiyejua ataingia, aseme kazi imechelewa, atazing'oa. Kuna aliyezigusa?"

"Hakuna aliyezigusa," alisema Nicanor kutoka mlangoni. "Nimezipita leo asubuhi. Zimesimama zote."

Dishon alifumba macho, akayafumbua. Kisha kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka, kicheko kizito cha tumboni, mpaka Badawi akaamka ndani ya gari na kuuliza kuna nini.

"Basi," alisema Dishon. Alifungua mlango wa mbele, si wa nyuma, akakaa, akaweka kipimamaji mapajani. "Twende tukalimwagie maji paa, siku mbili hizi limekauka. Lakini tupitie kwanza kwa Mejumaa. Hapa wamenilisha ugali ambao ningeweza kuujengea ukuta."

Abdeali aliwasha gari. Lilikataa mara mbili, la tatu likakubali.